Matundu Niliyozibua kwa Mbwembwe

Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kibomet, Kitale, na mdomo wangu hutangulia mikono.

Mama Nekesa, mjane kutoka Bungoma, aliniletea planta ya zamani, mashine ya kupandia mbegu inayovutwa na trakta ndogo. Nilikwaruza kutu hadi namba za kiwandani zikaonekana, nikatambua ni ya aina gani, nikajisifu kwa majirani wiki nzima.

Ndani mlikuwa na kisahani cha chuma chenye matundu ya kudondosha mahindi. Kila tundu la pili lilikuwa limezibwa. Nikacheka sana. Ati huyu aliyeziba naye alijiita fundi! Nikayatoboa yote, nikapaka planta rangi nyekundu, nikaipeleka Bungoma mwenyewe ili nishangiliwe.

Shambani, trakta ilivuta na mahindi yakadondoka vizuri, karibu karibu. Mama Nekesa alifuata nyuma na mbegu za maharagwe kwenye leso, kama alivyozoea. Akainama. Akasogea hatua moja, akainama tena.

"Fundi, mbona hakuna nafasi?"

"Mama, kuna mjinga fulani alikuwa ameziba matundu," nikasema kwa sauti, watu wote wasikie. "Mimi nimezibua yote!"

Alinyooka polepole.

"Ni marehemu mzee wangu aliziba," akasema. "Alikuwa ananiachia mahali pa maharagwe yangu."

Kisha akaifunga leso yake, maharagwe yote yakiwa bado ndani.