Jino la Mnyama Mwenye Mdomo wa Bata

Kwa miaka thelathini na minne Fundi Tabasamu alitengeneza meno ya bandia katika chumba kidogo nyuma ya kliniki. Jina hilo alibandikwa na wateja. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kununa. Alijivunia jambo moja tu: mpe taya lolote, atakuambia kila jino lilikaa wapi.

Siku moja akaja mama mmoja wa makumbusho, amekumbatia sanduku. Ndani kulikuwa na taya lililogeuka jiwe.

"Ni la dinosaria," akasema. "Mla majani, mdomo kama wa bata. Taya la upande wa pili limepotea. Tunaomba ututengenezee kwa plasta."

"Bata hana meno, mama."

"Huyu mbele hana. Nyuma anayo mamia."

Fundi akacheka. Mama yule hakucheka.

Alipobaki peke yake akaanza kuhesabu. Kufika mia na arobaini, akapotea. Meno yalibanana kama vigae, safu juu ya safu, ya chini yakingoja zamu. Akaligeuza taya juu chini. Fizi ilikuwa wapi? Ndani ni upi, nje ni upi? Akamwaga plasta, akaivunja. Akamwaga tena, akavunja tena.

Nyumbani akawa anatafuna huku ameshika shavu.

"Jino linakuuma?" mkewe akauliza.

"Si langu."

"La nani sasa?"

"Hata mimi sielewi."

Mkewe akamtazama, kisha akamsogezea maji.

Siku ya tisa kidole chake kikagusa uvimbe kwenye mfupa, chini ya meno ya kati. Uvimbe wa namna hiyo aliujua. Akampigia simu mama wa makumbusho.

"Huyu mnyama aliumwa jino. Lilitunga usaha, naye akaendelea kula."

"Sisi tulidhani ni jiwe tu limeganda hapo."

"Basi nimekosea?"

"Sijui, Fundi. Labda sisi ndio tuliokosea."

Akamaliza kazi bila kupata jibu. Taya la plasta akalifanya zima, lisilo na uvimbe, asijue kama ametenda haki au amedanganya.

Mifupa ya mnyama yule iliposimamishwa katika ukumbi wa makumbusho, alikwenda na mkewe. Akasimama mbele ya lile fuvu refu, macho yake kwenye uvimbe wa taya la jiwe.

"Pole," akasema.

"Unampa pole nani?" mkewe akauliza.

Fundi akamwonyesha taya la jiwe, kisha akashika shavu lake mwenyewe.