Glavu Nene na Glavu Nyembamba

Nilipigana ngumi tangu ujana hadi mvi zilipoanza kuonekana kwenye ndevu, na kwa miaka yote hiyo rafiki yangu wa kweli alikuwa mmoja tu. Alikuwa Mwarusha wa Oldonyo Sambu, mtu wa ng'ombe na viazi, mpole kiasi kwamba wageni walishangaa kumwona akivua shati na kupanda ulingoni. Mimi nilizaliwa mjini, kwenye mitaa ya zamani, kwa wazazi Waislamu waliohamia Arusha kutoka Kondoa. Tulikutana mazoezini. Uzito wetu ulikuwa sawa, kwa hiyo kocha alituweka pamoja kila jioni, na sidhani kama kuna mtu aliyewahi kunipiga mara nyingi kuliko yeye, wala niliyempiga mara nyingi kuliko yeye.

Mazoezini tulivaa glavu nene, zile kubwa zilizojaa sponji. Siku ya pambano lenyewe ndipo tulipovaa nyepesi kidogo, nazo nene bado. Kocha wetu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia, "Hayo ni magodoro, pigeni bila woga." Tukapiga bila woga. Ngumi ya glavu nene haichani ngozi wala haivunji pua kirahisi. Unaisikia kama mtu amekutikisa kichwa kwa mikono miwili, macho yanaona ukungu kidogo, kisha unaendelea. Baada ya mazoezi tulikwenda kula chipsi mayai kwenye kibanda cha jirani, masikio yakivuma, tukicheka. Yeye na mkewe, kama Waarusha wengi, walizungumza Kimaasai. Na mimi alizungumza Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, cha taratibu, cha mtu aliyejifunza shuleni na kukipenda. Alinifundisha salamu tu. "Sopa," ananiambia. Namjibu, "Epa." Hatukuhitaji zaidi ya hapo.

Tulipoacha ngumi, yeye alirudi kwa ng'ombe wake, mimi nikafungua jimu ndogo Moshono, chumba cha tofali nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mke wangu alifariki. Binti yetu aliolewa Mwanza, akaenda kuishi huko. Rafiki yangu akashika desturi ya kunipigia simu kila Ijumaa mchana, kwa kuwa alijua nimetoka msikitini. Tulizungumza mambo madogo: mvua imechelewa, ndama amezaliwa, magoti yanauma. Kuna wiki ambazo hiyo simu ndiyo ilikuwa mazungumzo yangu pekee yasiyohusu ngumi.

Kisha akaanza kunipigia mara mbili Ijumaa hiyohiyo, akiuliza habari ambazo tulishamaliza kuzizungumza. Mwanzoni nilidhani ananitania. Baadaye simu zikawa hazieleweki. Baadaye zikakoma. Nilipopiga mimi, alipokea mkewe.

"Shemeji, kaka yako hayuko sawa," aliniambia. "Juzi alipeleka ng'ombe kunywa maji, akashindwa kurudi. Watu walimkuta amekaa njiani, ng'ombe wamekuja wenyewe."

Walimpeleka hospitali. Daktari aliwauliza alikuwa akifanya kazi gani ujanani, na walipomwambia, akawaeleza kwamba ubongo uliotikiswa kwa miaka mingi unaweza kuchoka mapema. Shemeji alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesoma tangazo kanisani. Mimi nilikuwa nimesimama jimuni, vijana wakipigana nyuma yangu kwa glavu zao nene, na kila pigo nililisikia.

Mwaka huohuo ndipo kamati ya ngumi ya hapa kwetu ilipoitisha kikao kuhusu glavu. Kulikuwa na promota kijana aliyetaka mapambano ya mkoa yapiganwe kwa glavu nyembamba, zile zinazoacha vidole wazi, kama za watu wa mateke na mieleka. Nilialikwa kwa sababu ni mkongwe. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, tukapewa soda.

"Wazee wangu, shikamooni," promota alianza. "Mimi nasema ukweli. Watu wamechoka. Wanakuja, wanaona mabondia wanakumbatiana raundi nzima, wanarudi nyumbani kuangalia simu. Glavu nyembamba zinaleta msisimko. Pambano linaisha mapema, mtu ameona kitu."

Muuguzi aliyekuwa akitusaidia siku za mapambano alipinga. "Zinachana nyuso," alisema. "Na mifupa ya mikono itavunjika. Nani atawauguza hao?"

Wengi walikubaliana naye. Mwenyekiti akanigeukia. Nilikuwa nimekuja nikiwa na nia ya kupinga pia, lakini niliposimama nilimfikiria rafiki yangu, nikajikuta nasema jambo jingine.

"Hizo nene nazo si salama kama tunavyodhani," nilisema. "Zinalinda mkono wa anayepiga. Kichwa cha anayepigwa hazikilindi vizuri. Mkono usipouma, unapiga kichwa tena na tena. Sisi tulipigana hivyo kila jioni kwa miaka, na hakuna aliyetuonea huruma kwa sababu hatukutoka damu."

"Kwa hiyo mzee unaunga mkono nyembamba?" promota aliuliza, amefurahi.

"Sijasema hivyo."

"Sasa unasema nini?"

Nilisema labda tatizo si glavu peke yake, ni mara ngapi kichwa cha mtu kinapigwa katika maisha yake, na mazoezini ndiko kinakopigwa zaidi. Walinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu mzima. Kisha wakaamua kufanya pambano la majaribio.

Lilifanyika Kikatiti, alasiri ya siku ya soko, kwenye uwanja ulio karibu na barabara kuu. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona kwenye ngumi za mkoa. Wanawake walisimama na ndizi zao kichwani. Kijana mmoja mrefu alipambana na mwingine mfupi, mnene wa shingo, na kwa muda walizungukana tu, kila mmoja akiogopa mikono ya mwenzake. Hilo lilinishangaza. Kwa glavu nyembamba waliheshimiana zaidi. Kisha yule mfupi akaingia kwa ngumi ya kulia, mrefu akachanika juu ya jicho, damu ikashuka, na uwanja mzima ukalipuka. Mimi pia nilisimama. Sitadanganya, damu ilinichemka kama zamani. Walipigana kidogo tu baada ya hapo. Yule mfupi alirusha tena mkono uleule, ukagonga paji la uso, akarudi nyuma ameukumbatia kifuani. Umevunjika. Mwamuzi akamaliza pambano.

Nilikwenda kuwaona nyuma ya ulingo. Aliyeshinda alikuwa anashonwa jicho huku anaongea na simu, anamsimulia mtu, anacheka, akili yake timamu. Aliyeshindwa alikuwa amekaa chini, ameinamia mkono wake. Nikamuuliza anafanya kazi gani.

"Fundi ujenzi," alijibu. "Sasa sijui itakuwaje, mzee."

Niliondoka Kikatiti nikiwa sina upande. Nilitaka sana kumpigia mtu mmoja simu nimweleze nilichokiona, mtu ambaye angeelewa bila maelezo marefu kwa nini nilisimama na watu wengine kushangilia, na kwa nini baadaye nilijisikia vibaya. Mtu huyo alikuwa bado hai, na namba yake ilikuwa kwenye simu yangu.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Oldonyo Sambu. Upande ule wa mlima wetu wa Arusha ni mkavu na upepo hauna huruma; vumbi linakuingia hadi kwenye meno. Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mgongo ukutani, amevaa koti na shuka juu yake. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Akanitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni aliyeletwa na mchungaji wa kanisa. Akasema kitu kwa Kimaasai.

"Anauliza umekuja na nani," shemeji alinieleza.

"Mwambie nimekuja peke yangu."

Akamwambia. Yeye akatikisa kichwa taratibu, kisha akauliza tena jambo lilelile.

"Kiswahili kimemtoka," shemeji alisema, akinimiminia maziwa. "Kilianza kupungua kidogo kidogo. Sasa anaongea hiki cha kwetu tu, kile cha utotoni. Daktari alisema hutokea. Usihuzunike, shemeji. Hata watoto wetu waliokulia mjini hawamwelewi vizuri."

Nilikaa naye hadi jua lilipoanza kuteremka. Nilimsimulia pambano la Kikatiti lote, kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho: yule mrefu, yule mfupi, damu, mkono uliovunjika. Alinisikiliza kwa makini. Katikati alicheka, si mahali pa kucheka, na mimi nikacheka naye. Aliponijibu alizungumza kwa muda mrefu, kwa sauti ile ile ya Ijumaa, ikipanda na kushuka, huku akinyooshea kidole mlima. Shemeji alikuwa shambani. Hapakuwa na wa kunitafsiria. Nilishika neno moja tu, la maziwa, kwa kuwa nililisikia pale nilipopewa kikombe.

Nilipomuuliza shemeji, aliporudi, kama mumewe analala vizuri, alisema, "Analala. Mimi ndiye silali."

Niliporudi Moshono niliwakusanya vijana wa jimu, nikawaambia kwamba kuanzia siku hiyo mazoezini hakuna kupiga kichwa. Mwili, sawa. Begi, sawa. Kichwa, ni wiki chache kabla ya pambano tu, tena kwa kiasi. Mmoja, bora kuliko wote, alinifuata nje.

"Kocha, nitajifunzaje kukwepa kama hakuna anayenirushia?"

Lilikuwa swali zuri. Nilimwambia tutatafuta namna, nikamwonyesha mazoezi ya kupita chini ya kamba na ya kukwepa mpira wa kuning'inia. Alifanya kwa muda, kwa utii, kisha akahamia jimu nyingine upande wa pili wa mji. Alikuja kuniaga, akanishika mkono kwa mikono miwili. Wengine hawakuaga. Siwalaumu. Ngumi bila hatari huchosha, na wao wana umri ambao mtu hawezi kuamini kwamba maneno yanaweza kumtoka.

Kamati, kwa upande wake, iliamua kusubiri wakubwa wa taifa waseme. Glavu nene zimebaki. Promota bado ananipigia, anataka niwe upande wake, na mimi namjibu kila mara kwamba nyembamba zitamjazia uwanja, hilo sibishi, ila kuhusu usalama asitumie jina langu.

Siku hizi jimu ina watu wachache. Kuna mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kupungua mwili, kuna mama muuza matunda na rafiki yake, kuna vijana wawili watatu wasio na haraka. Asubuhi, kabla hawajafika, nimejizoesha kutaja vitu vilivyomo chumbani kimoja kimoja, kwa sauti: kamba, ndoo, begi, kioo, bendeji. Kuna siku neno linachelewa kidogo na nasubiri mpaka lije. Sijamwambia binti yangu. Akipiga simu ananiuliza kama nakula vizuri, nami namwambia nakula.

Oldonyo Sambu nakwenda bado. Mlinzi wa jengo linalojengwa mbele ya jimu ni Mmaasai, na nimemwomba anifundishe Kimaasai. Ananicheka matamshi yangu, lakini ana subira. Najua sasa maji, maziwa, mvua, mkono. Mara ya mwisho nilimwambia rafiki yangu kwa lugha yake kwamba mvua inakuja. Alitazama juu, akaangalia wingu lililokuwa limekaa mlimani, akanisahihisha. Shemeji alisema ananiambia haiji leo, labda kesho. Tukaendelea kukaa, migongo ukutani, yeye na mimi, kwenye jua lile dogo lililobaki.