Fundi Cherehani Saa ya Ijumaa

Adhana ya Ijumaa ikilia, wenye maduka huegesha kiti mlangoni wakaenda msikitini, na fundi cherehani, mama wa Kikristo, ndiye mlinzi wao. Mguu wake hukanyaga cherehani, macho yake yako milangoni. Ijumaa ile jamaa mmoja alikwapua jora la kitenge dukani kwa mzee Ubeid. Fundi akamdaka shati, akapiga kelele: “Mwizi!” Wabeba mizigo wakaja na mawe. Hapo fundi akamkumbatia mwizi, vidole vyake vyenye chaki vikamfunika kichwa.

“Mama, toka hapo, utaumia!”

“Sitoki ng’o! Jora limerudi. Roho mkiitoa, nani kati yenu ataishona?”

Mawe yakadondoka mikononi mwao, moja baada ya jingine. Mzee Ubeid aliporudi, alilikuta jora mezani, na mwizi wake mzima, anakunywa maji.