Ndoo Niliyompelekea Mama

Mkitaka kunicheka, nichekeni. Soko huria lilipoleta ndoo rahisi kutoka nje, mimi, msimamizi wa kiwanda cha ndoo Bariadi, nilijidai kumshauri tajiri tuyeyushe plastiki chakavu, tuokoe malighafi na mazingira. Wakulima wa pamba wakaleta madumu matupu kwa magunia. Sikuuliza yalikuwa na nini.

Ndoo ya kwanza nikampelekea mama kijijini Migato. Akaweka maziwa humo, akawaita majirani waonje kwenye kazi ya mwanawe. Jirani mmoja akanusa, akarudisha kikombe taratibu.

"Mayu," akamwita mama kwa Kisukuma, "haya yananuka dawa ya pamba."

"Mwanangu hawezi kuniletea sumu," mama akasema, akainua chake anywe.

Nilikipiga kikombe kikamtoka mkononi. Wote wakanigeukia.