Bibi Harusi wa Magazeti na Gundi

Swabaha alikuwa na miaka thelathini na miwili, na kazi yake ilikuwa kuwatia hina mabibi harusi wa Mji wa Kale. Nusu ya wanawake wa mtaa walishampa mikono yao awachore, na kila aliyemaliza kuchorwa alimuuliza swali lile lile: "Na wewe je, lini?" Yeye hucheka, akasema inshallah. Walimwengu hawachoki, wallahi.

Jibu la kweli lilikuwa Eddah, karani wa ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, aliyekuja kila Jumapili kula pilau na kuitwa "rafiki yake Swabaha, yule binti wa Kikristo mwenye adabu." Shangazi Swafia, aliyemlea Swabaha tangu utotoni, alimpenda Eddah mno, hata akimwekea ukoko. Na Shangazi huyo huyo ndiye aliyepokea posa ya Jamaldin, muuza vinyago wa Ndia Kuu, akaahidi kuijibu baada ya wiki sita, siku ya Ijumaa.

Kusema hataki, Swabaha angeweza. Kusema kwa nini, hapo ndipo ulimi ulipogoma. Na bila ya sababu, baada ya Jamaldin angekuja mwingine.

Basi akaenda kujifunza kuchezesha karagosi, mdoli wa kuvaliwa mkononi na kusemeshwa. Barua ya mwaliko ilisema warsha ni ya "elimu ya afya", maana waandaaji wangesema kweli wangefungiwa ukumbi. Ndani walikuwa watu tisa wenye siri ya namna moja, na mwalimu wao Trizah, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kuamrisha.

"Mpe karagosi neno lile lililokushinda wewe kusema," alisema. "Yeye hana ukoo wa kuuaibisha."

Swabaha akakanda magazeti na gundi ya unga, akafinyanga kichwa cha bibi harusi, akamvika leso. Wiki ya kwanza kile kitu kilikuwa mdoli tu. Trizah akamfundisha kukipumulisha: kifua kipande, kishuke, ndipo kiseme. Wiki ya tatu kikasema, na salale, kilikuwa na mdomo!

Habari zikaenea kwamba mtia hina ana mdoli anayesema. Mama mmoja aliyekuwa akimwoza bintiye akamwalika aje kuwachekesha wanawake, Alhamisi alasiri. Alhamisi! Kesho yake ndiyo Ijumaa ya Jamaldin, na Shangazi atakuwa kiti cha mbele. Swabaha akakubali. Kama hatasema siku hiyo, hatasema tena.

Ukumbi ulinukia udi na asumini. Karagosi akapumua, akawatazama wanawake mmoja mmoja.

"Bwana harusi mzuri, mashallah," akasema. "Mpeni mwingine. Mimi namtaka huyu anayenitia hina."

Lo! Vicheko, vigelegele, watu kuangukiana mabegani. Miaka yote hiyo mtoto wa watu kaficha, leo kasema kwenye maikrofoni, nao wanamsifu kwa kujua kutunga uongo! Swabaha alitaka kulia. Kweli imetoka na hakuna aliyeipokea.

Ndipo Shangazi Swafia akainuka, noti juu, akicheza polepole kwa ajili ya magoti. Na huku kwetu mwanamke haendi kutuza ovyo. Neno analoinukia kulituza ni neno lake, kalichukua, na ukumbi mzima unajua. Vicheko vikapungua. Mtu akaguna nyuma.

Shangazi akaichomeka noti kwenye leso ya karagosi, akainama karibu na sikio la Swabaha.

"Jamaldin niachie mimi," akanong'ona. "Na mimi nilikuwa na Eddah wangu, nikaozwa, nikanyamaza." Kisha akajiweka sawa, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Haya, rudia hapo. Sikusikia vizuri."

Swabaha akarudia, kwa sauti yake mwenyewe.