Kalikiti na Wembe wa Shangazi

Juzi fundi aliyekuja kuzibua mabomba ya ofisini kwetu alifungua chupa ya dawa yake, na harufu ikatupiga puani hadi machozi yakatutoka. Wenzangu walikimbilia madirishani. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikaivuta kwa matundu yote mawili ya pua, maana niliijua. Ilikuwa harufu ya chumba kidogo nyuma ya duka moja mjini Keroka, harufu ya mayai yaliyooza na mkojo wa paka. Mtanisamehe, lakini kwangu mimi ilikuwa harufu ya uhuru.

Msinicheke kabla hamjasikia. Nilisoma miaka kumi na miwili, na katika miaka hiyo yote kichwa changu hakikuwa changu. Shule ya msingi, mwalimu wa zamu alikuwa akituchomeka kalamu ya risasi nyweleni kila Jumatatu asubuhi. Kalamu ikishika bila kuanguka, unarudishwa nyumbani ukanyolewe. Sekondari hawakuwa na haja ya kalamu. Walikukata mstari mmoja katikati ya kichwa kwa mkasi, halafu wakakuacha utembee nao siku nzima mpaka upate wa kukumalizia. Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne na kurudi kwetu, karibu na Masimba, niliapa kwamba hakuna atakayenikata tena unywele hata mmoja bila idhini yangu. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na ubishi wangu ulijulikana hadi sokoni.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, na ugonjwa wa vijana wa kwetu ulikuwa kalikiti. Nairobi walikuwa wameshaanza kuichoka, lakini fasheni zilitufikia Gusii kama magazeti ya Baba, zimechelewa na zimepitia mikono mingi. Nywele zilizungushwa kwenye vijiti vya plastiki, zikapakwa dawa, zikafunikwa kwa mfuko wa nailoni, na baadaye zikatoka zimejikunja vipete vipete, nyeusi, zinang'aa. Ili ziendelee kung'aa ilikubidi uzinyunyizie maji yake ya mafuta asubuhi, mchana na jioni. Ukitaka kumjua msichana wa kalikiti ulitazama kola yake kwanza. Wavulana nao hawakubaki nyuma. Makanga wa stendi ya Keroka walikuwa na kalikiti zilizowadondoka hadi mabegani, na mashati yao yalionekana kama yamekaangwa.

Walioshindwa kununua maji yenyewe walichanganya glisirini na maji ya kisima. Msichana mmoja wa Kenyenya alitumia maji ya sukari, na siku ya harusi ya dada yake nyuki walimkimbiza hadi mtoni. Sikushuhudia, lakini nilisimuliwa na watu watatu, na wote waliapa.

Mimi nilichuma chai ya jirani miezi mingi, hadi vidole vikawa vyeusi kama vya fundi wa baiskeli. Dawa niliinunua kwa Mama Nalini, Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa na vipodozi pale Keroka, ambaye chumba chake cha nyuma alikuwa amemkodisha msusi. Alizitazama nywele zangu zilizokuwa zimeota vizuri, akaniuliza kama mama yangu anajua. Nikasema anajua.

"Wewe unasema uongo," akaniambia, huku akifunga dawa kwenye gazeti. "Lakini kichwa ni yako."

Nadhani yeye alikuwa anauza tu. Mimi, msusi aliponimaliza, nilitembea na maneno yale hadi nyumbani.

Baba, aliyekuwa karani wa ofisi ya tarafa Kenyenya na kurudi nyumbani kila Ijumaa, aliniona mlangoni akainua gazeti lake likamfunika uso. Mama aliondoa vitambaa vyake vyeupe vya kufuma kwenye makochi, kimoja kimoja, akanionyesha kigoda ambacho ningekalia kuanzia siku hiyo. Babu yangu mzaa baba, tuliyemwita Sokoro, aliniuliza mvua imenyesha upande gani. Akaniita karibu, akazishika nywele zangu, akatazama kiganja chake kilivyolowa mafuta, akayapaka kwenye fimbo yake. Akasema kwamba hatimaye masomo yangu yameanza kuleta faida. Kila nilipomtembelea baada ya hapo aliniletea fimbo ile niipake.

Sokoro alifariki mwezi wa tisa. Nilimlilia mpaka sauti ikakauka, na nasema hivyo ili asiwepo atakayedhani kwamba yaliyofuata yalitokana na moyo mgumu.

Katika ukoo wetu, waliofiwa walinyolewa. Makanisa yalikuwa yameanza kuwaachisha watu desturi hiyo, lakini boma la Sokoro lilikuwa la kizamani. Siku mbili baada ya mazishi, watu wa nyumba hiyo waliketi nyasini mbele ya nyumba yake kwa mpangilio: mjane, watoto wake, wake za wanawe, halafu sisi wajukuu. Mwenye wembe alikuwa Shangazi Nyaboke, binti yake mkubwa. Ilisemwa kwamba asiyenyolewa hubaki na kifo kichwani, na kifo hicho kitazunguka bomani kikitafuta mtoto au ng'ombe.

Asubuhi hiyo Mama alinifuata jikoni. Aliniomba, hakuniamrisha. Alisema ni siku moja tu, na nywele huota. Nilimjibu kwamba nimemlilia Sokoro kwa macho na si kwa nywele, nikatoka nje.

Tuliketi. Nyanya, tuliyemwita Magokoro, alitangulia. Kichwa chake cheupe kilitoka kidogo sana, hata nikainamisha macho. Wakafuata wana wake, Baba akiwemo. Mama alipofikiwa, alivua kitambaa chake mwenyewe, akainama. Wembe ulimkata nyuma ya sikio. Binamu zangu wakapita mmoja baada ya mwingine, wengine wakicheka kwa aibu, hadi nyasi zikawa zimetapakaa nywele na povu la sabuni. Halafu Shangazi alisuuza wembe kwenye karai, akaniangalia.

"Inama."

"Siinami, Shangazi."

Shangazi hakupaza sauti. Aliniuliza kama nilimpenda babu yangu kidogo kuliko wenzangu. Nikasimama, maana niliona kwamba nikibaki pale chini nitashikwa.

"Walimu wamenikata miaka kumi na miwili," nikasema. "Sokoro mwenyewe aliziona hizi na hakuniambia nizitoe. Hazitoki."

Ningependa kuwaambia kwamba nilisema hayo nikiwa imara. Lakini jua lilikuwa kali na glisirini ilikuwa ikinitiririkia machoni, ikinichoma, hata wanawake wawili wakadhani nalia na nimeanza kulegea. Baba mdogo akasema nishikwe tu, mambo yaishe. Wanawake wale wakainuka. Baba yangu mzazi alikuwa akitazama viatu vyake.

Ndipo Mama alipozungumza, akiwa bado ameketi, kichwa kitupu, damu kidogo ikimshukia shingoni.

"Mwacheni. Ni mimi niliyemkataza."

Shangazi alimgeukia. "Wewe?"

"Mimi. Kikitokea kitu katika boma hili, mje mlangoni kwangu. Kwake msiende."

Wanawake wale walirudi kuketi. Shangazi akasuuza wembe, akamwita mjukuu aliyefuata.

Mnadhani nilishukuru? Nilikasirika. Nilikuwa nimekusanya ujasiri wa maisha yangu yote, nimesimama mbele ya ukoo mzima na kusema hapana kwa kinywa changu, na Mama, kwa maneno manne, amenifanya mtoto aliyetumwa. Kuanzia siku hiyo hadithi iliyotembea Masimba haikuwa yangu mimi, Kemunto, niliyemkatalia Nyaboke. Ilikuwa ya mke wa karani aliyemkataza bintiye kumwombolezea babu yake. Nilimwambia Mama kwamba ni mwongo. Nilikaa wiki mbili bila kumsemesha, isipokuwa kumwitikia anapoita.

Kalikiti yenyewe haikumaliza mwaka. Glisirini na maji ya kisima vilizikausha nywele zangu hadi zikaanza kukatika zenyewe, upande wa kushoto zaidi kuliko wa kulia. Mwezi wa kumi na mbili nilichukua mkasi, nikakaa kwenye kigoda changu, nikazikata zote. Nilizikata mwenyewe, siku niliyoichagua mwenyewe. Sijutii hata leo, na kama Shangazi atasomewa haya, ajue hivyo.

Mwaka uliofuata nilienda chuoni Nairobi, na kisa changu nikaenda nacho. Niliwasimulia wasichana wa bweni jinsi nilivyosimama mbele ya wembe, na walinipigia makofi. Mama sikumtaja. Niliona anaharibu hadithi.

Yaliyoendelea nyumbani niliyasikia kwa vipande, miaka mingi baadaye, kutoka kwa binamu zangu. Ndama wa Shangazi alipokufa, Shangazi alikuja akaketi mlangoni kwa Mama kutwa nzima bila kusema lolote. Mtoto wa baba mdogo alipougua surua, walikuja tena, na mara hii walisema. Kwenye sherehe za ukoo, Mama hakupewa tena mwiko wa kusonga ugali wa wimbi. Alipelekwa nyuma ya nyumba kumenya ndizi peke yake. Wanawake wa jirani walilima kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule, na zamu ya Mama ilipofika kila mmoja alikuwa na udhuru. Mahindi yake aliyapalilia peke yake misimu miwili. Mimi nilikuwa nikirudi likizo, nikala mahindi hayo, nikaona ana mikono migumu kidogo, basi.

Mwaka jana nilimuuliza. Tulikuwa tukiambua maharagwe, yeye na mimi, na nywele zake sasa ni nyeupe kama zilivyokuwa za Magokoro. Nilimuuliza kwa nini siku ile alidanganya, ilhali asubuhi yake alikuwa ameniomba ninyolewe.

Hakuacha kuambua. Alisema, "Nilinyolewa kwa ajili ya baba yangu. Nikanyolewa kwa ajili ya mama yangu, na kwa wale watoto wawili waliokutangulia, na kwa Sokoro. Hakuna siku niliyoulizwa. Halafu wewe ukasimama ukasema hapana, na mbingu haikuanguka. Nikajua kumbe neno hilo linasemeka."

Nilitaka kumwomba msamaha, lakini alikuwa ameshaanza kunilaumu kwamba ninatupa maharagwe mazuri pamoja na maganda. Kwa hiyo nawaambia ninyi. Miaka thelathini nilijisifu kwamba siku ile nilikataa peke yangu. Kumbe tulikataa wawili, na mmoja wetu alikuwa ameshanyolewa.