Nilivyotumwa Lilongwe Kuulizia Viatu

Nakiri mapema: kanuni niliiandika mimi. Vita ya pili ya Kongo ilikuwa bado inaiunguza Fizi, kwetu, na sisi tuliofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, tukaamua kulitengeneza upya kanisa. Mimi nilikuwa katibu wa kamati, mwanatheolojia wa kujifundisha mwenyewe. Niliposoma kwamba Musa alivua viatu mbele ya kijiti kilichowaka, nikaandika: "Hakuna kiatu mezani pa Bwana." Nikainakili mara nne ili mistari inyooke.

Sikumfikiria Mama Sifa, mjane ambaye mguu wake ulipata kidonda katika kuikimbia vita. Bila kiatu hawezi kukanyaga. Jumapili tatu akakaa nje, bila mkate wa Bwana. Watu wakanung'unika, Pasta akaniita.

"Sekretere, enda mujini uone dini zingine. Kama nabo banavua viatu, bantu batanyamaza."

Ijumaa alfajiri nilitembea hadi barabara kuu, nikapanda lori la mahindi, maswali ishirini na mawili mfukoni.

Lilongwe, saa nne. Kwenye hekalu la Wahindu mlinzi alitazama miguu yangu kabla ya uso. "Nsapato, achimwene!" akasema, akivionyesha viatu vyangu kwa kidole. Nikavivua kwa furaha, nikaandika: ndiyo.

Mchana, msikitini, viatu vilijaa kibarazani. Lakini ndani, mzee mmoja mwenye bendeji alikaa kitini, makubazi miguuni. Nikamuuliza shehe, aliyesomea Tanga na ambaye Kiswahili chake kilinitia aibu.

"Ana donda," alisema. "Hayo makubazi hayatoki nje."

"Kamati yenu imekubali?"

Akacheka. "Kijana, tunavua tusiingize uchafu. Hata sisi tuna vijana kama wewe. Kila mwaka wanagundua kosa jipya la babu zao."

Jioni, Dzaleka, kamati ilinisubiri.

"Banavua?" aliuliza Pasta.

"Banavua, lakini…"

"Amina!"

Wakapiga makofi. "Lakini" yangu ikapelekwa kwenye kamati ndogo. Hapo nikajifunza kwamba kanuni huandikwa na mtu mmoja mwenye kalamu, na kuifuta kunahitaji akidi.

Jumapili nilibaki na viatu, nikaketi nje kando ya Mama Sifa.

"Na weye iko na kidonda?"

"Hapana, mama. Ni mi njo niliandika ile kanuni."

"Najua," alisema, akanisogezea nafasi.

Mzee wa kanisa alifika mlangoni na sinia ya mkate, miguu peku, akasita.

"Kuja, papa," Mama Sifa alimwita. "Tuko babili sasa. Hapa njo kanisa."

Mzee alitazama nyuma, akatafuta viatu vyake, akatoka na sinia.